Lutu Aliinua Macho: Dubai au Sharjah, Hema Tulipige Wapi?

Somo: Mwanzo 13:1–18, Luka 14:28–30



Kila mwaka msimu huu wa joto kali, kabla shule hazijafunguliwa mwishoni mwa Agosti, swali moja hurudi mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Linaulizwa kwa Kiswahili cha Mombasa, cha Dar es Salaam, cha Kampala na cha Bukavu, lakini ni swali lile lile: "Familia inakuja. Tukae Dubai, au tuvuke Sharjah?"

Swali hili si dogo. Aliyekuja peke yake, mji kwake ni mahali pa kulala. Amekodi nafasi ya kitanda Satwa au partisheni Deira, anapika kwa zamu, anatuma pesa nyumbani, maisha yanaenda. Lakini siku mke na watoto wanapokata tiketi, mambo hugeuka. Viza ya familia inataka mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na nyumba ya mwajiri. Inataka mkataba wa nyumba uliosajiliwa. Mwenye nyumba naye anataka hundi, mbili au nne kwa mwaka, zenye tarehe za mbele. Kisha kuna ada ya shule na basi la shule. Hapo ndipo macho huanza kuvuka mpaka.

Na mpaka wenyewe uko karibu. Kuna Al Nahda ya Dubai na Al Nahda ya Sharjah, mitaa miwili yenye jina moja. Mtu anasimama dirishani upande wa Dubai, anaona maghorofa ya Sharjah ng'ambo ya barabara, na anajua kwamba kule kodi ni nafuu. Vivyo hivyo Lutu alisimama juu, kati ya Betheli na Ai, akalitazama bonde la Yordani.

Sisi tunaoandika neno hili ni mume na mke, tunahudumu katika idara ya familia ya kanisa hili. Hatuandiki kama madalali. Tunaandika kwa sababu tuliwahi kuchagua kwa haraka, watoto wetu wakalipa, na Bwana akaturehemu.

Kuhama si dhambi

Turudi kwenye somo. Abramu na Lutu hawakutengana kwa sababu mmoja alikuwa mwovu. Walitengana kwa sababu Mungu alikuwa amewabariki, mifugo ikawa mingi, na nchi haikuwatosha kukaa pamoja. Wachungaji wao wakaanza kugombana malishoni. Wengi wetu tunaijua hali hiyo: chumba kilichomtosha mmoja hakiwatoshi watano, na ugomvi huanzia jikoni na bafuni.

Abramu akasema ugomvi usiwepo kati yao, kwa maana wao ni ndugu. Akampa Lutu nafasi ya kuchagua kwanza. Kwetu Afrika Mashariki mdogo hachagui kipande cha nyama kabla ya mkubwa. Abramu ni ami, ni mlezi, na ndiye aliyepewa ahadi. Lutu angeweza kusema, "Baba, chagua wewe kwanza," au hata, "Baba, wewe unaonaje?" Hakusema. Aliinua macho, akaona bonde lote lina maji, akachukua.

Hapo Maandiko yanatupa jambo ambalo ni rahisi kulipita. Bonde lile lilifananishwa na bustani ya Bwana, na pia na nchi ya Misri. Kwa nini Misri? Kwa sababu ndiko walikokuwa wametoka muda si mrefu, walikokimbilia wakati wa njaa. Lutu alikuwa ameuona Mto Nile. Nasi hufanya vivyo hivyo. Mtu huupima mji mpya kwa mji aliowahi kuuona, au kwa picha alizotumiwa kwenye simu. Ukiona bwawa la kuogelea juu ya ghorofa na duka kubwa chini yake, unasema, "Hapa ndipo."

Kwa hiyo kosa la Lutu lilikuwa nini? Si kwamba alitazama maji. Mwenye mifugo asipotazama maji, mifugo itakufa. Baba anayelinganisha kodi za nyumba si mtu wa mwilini. Anafanya wajibu wake. Kosa la Lutu ni kwamba alitazama maji tu. Hakumshauri mkubwa wake. Hakuuliza habari za wenyeji wa bonde. Na katika sura nzima tunasoma habari za madhabahu ya Abramu, lakini hatusomi habari ya madhabahu ya Lutu.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba Sharjah ni Sodoma, wala kwamba Dubai ni Sodoma. Watawala wa pande zote mbili wametoa viwanja ambapo makanisa yamejengwa: Oud Metha na Jebel Ali kwa upande wa Dubai, Yarmook kwa upande wa Sharjah. Tunaishi kwa amani katika nchi ambayo si yetu, na nabii Yeremia, sura ya 29, anatufundisha kuuombea amani mji tunamokaa. Hatari tunayoihubiri leo haimo katika jina la mji. Imo katika namna ya kuchagua.

Ijumaa zote?

Sasa tuwaambie yetu. Mwaka 2021 watoto wetu wawili walikuja kutoka Nairobi. Baba alikuwa kazini kwenye ghala Jebel Ali, mama dukani Deira. Nyumba ya chumba kimoja Deira tuliambiwa dirhamu 50,000 kwa mwaka. Sharjah tukapata ya vyumba viwili kwa 30,000. Tukapiga hesabu kwenye karatasi: 20,000 zimebaki mkononi. Tukamshukuru Mungu papo hapo, tukasaini. Sala yetu ilikuja baada ya sahihi. Hatukumwuliza mzee yeyote wa kanisa, wala ndugu aliyekwisha kukaa kule. Tuliona maji.

Hesabu ambayo hatukuipiga ni ya barabara. Kutoka kwetu hadi Jebel Ali ni zaidi ya kilomita 50, na asubuhi magari yote ya Sharjah na Ajman huelekea upande mmoja. Tulipopita njia yenye Salik, wakati ule tulilipa dirhamu 4 kila lango. Tulipoikwepa Salik, tulilipa kwa dakika. Baba alitoka saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa mbili usiku. Kwenda na kurudi, saa 3 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwa wiki 48 za kazi ni saa 864. Ukizigawa, ni siku 36 nzima, usiku na mchana, ndani ya gari.

Kisha ikaja Januari 2022. Nchi ikahamisha mapumziko ya wiki kutoka Ijumaa na Jumamosi kwenda Jumamosi na Jumapili. Wengi tulifurahi, maana Jumapili ilirudi kuwa siku ya ibada kama nyumbani. Lakini Sharjah iliweka mapumziko ya siku tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na shule zake zikafuata. Dubai, Ijumaa watoto wako darasani hadi kabla ya swala ya Ijumaa. Sharjah wako nyumbani kutwa. Sisi sote wawili Ijumaa tuko kazini Dubai.

Tulifanya nini? Tulimkabidhi binti yetu wa miaka 10 mdogo wake wa miaka 4. Tulimwachia simu na chakula kwenye jokofu. Tukamwambia asifungue mlango. Tulisema ni kwa wiki chache tu.

Ijumaa moja ya mwezi Machi mama akapigiwa simu dukani. Mdogo alikuwa ametoka kwenye korido kufuata mpira, mlango ukajifunga, na dada yake ndani akashindwa kuufungua kwa sababu alikuwa akilia na mikono inatetemeka. Ghorofa ya 11, lifti iko hatua chache tu. Mama alifika baada ya saa moja na dakika arobaini. Alimkuta mtoto nyumbani kwa jirani, mama Mwislamu kutoka Kerala, ambaye tulikuwa tumesalimiana naye labda mara tatu. Alikuwa amemsikia, akamwingiza ndani, akampa wali na mtindi, akakaa mlangoni kwetu akizungumza na binti yetu kupitia mbao mpaka akatulia na kufungua.

Mama wa Kerala hakutugombeza. Aliuliza swali moja tu: "Ijumaa zote?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tuliketi na ile karatasi ya hesabu, ile ya dirhamu 20,000, na tukaona kwamba hakuna mahali tulipoandika majina ya watoto. Tuliandika kodi, maji na umeme, mafuta ya gari. Watoto tuliwahesabu kwenye vyumba tu, kwamba watapata chumba chao.

Mkataba ulikuwa na miezi sita zaidi, na kuuvunja kulikuwa na adhabu. Mama akaomba kazini apumzike Ijumaa. Wakakubali, lakini kwa sharti kwamba Jumapili afanye kazi. Kwa miezi sita mama hakuketi nanyi ibadani. Baadhi yenu mlidhani amepoa kiroho. Alikuwa analipa gharama ya sahihi yetu.

Mkataba ulipoisha tulirudi Dubai, nyumba ya chumba kimoja karibu na kituo cha metro cha mstari wa kijani. Watoto wanalala sebuleni. Pesa zimepungua kweli, na kuna vitu tulivyovipanga Kenya ambavyo havijajengwa mpaka leo. Lakini mama yuko dakika 15 kutoka nyumbani, na baba, akipanda metro, hufika watoto wakiwa bado macho. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Sisi tulilipa kwanza, ndipo tukauelewa msemo.

Ijumaa ile ile

Tungeishia hapa, mngetoka mkisema, "Idara ya familia imetukataza Sharjah." Sikilizeni ushuhuda wa pili. Tumeruhusiwa kuusimulia bila majina.

Kuna familia kati yetu, baba, mama na watoto watatu, waliokuwa wakikaa Dubai. Nyumba nzuri, kodi ya juu. Hundi ya kwanza ililipwa kwa mshahara, ya pili kwa mkopo, ya tatu kwa kadi. Ya nne ikarudi benki. Baba akaanza kuogopa kila simu asiyoijua namba yake. Ndani ya nyumba nzuri watu hawazungumzi. Mama alikuwa anafanya kazi shuleni Sharjah, akiondoka Dubai kila asubuhi. Baba alikuwa zamu ya usiku karibu na uwanja wa ndege wa Sharjah. Kila kitu chao kilikuwa Sharjah isipokuwa kitanda. Walibaki Dubai kwa sababu moja: wakipiga simu nyumbani Tanzania, neno "Dubai" lilisikika vizuri.

Walikuja kwa wazee wa kanisa wakiwa wamechoka. Wazee hawakuwapa jibu, waliwauliza maswali. Wakaomba pamoja. Familia ikahamia Sharjah, ikakaa na mwenye nyumba wa zamani ikapanga malipo, na ndani ya miaka miwili deni likaisha. Na Ijumaa? Mama anafanya kazi shule ya Sharjah, kwa hiyo Ijumaa shule yake imefungwa, na watoto wake wako nyumbani. Ijumaa ni siku yao. Hufua, hupika pilau, jioni huteremka Al Majaz kutembea kando ya maji. Jumapili hupanda basi la E303 kutoka Al Jubail hadi Union, kisha metro, na mara nyingi hufika kanisani kabla yetu sisi tunaokaa karibu.

Ndugu zangu, Ijumaa ile ile iliyotuumiza sisi iliwaponya wao. Mji ule ule. Kwa hiyo msiulizane tena, "Dubai ni nzuri au Sharjah ni nzuri?" Ulizeni, "Sisi ni nani, kazi zetu ziko wapi, watoto wetu watakuwa na nani, na madhabahu yetu itakuwa wapi?"

Keti kwanza uhesabu

Bwana Yesu, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Alikuwa anafundisha juu ya kumfuata yeye. Lakini ajuaye kuketi na kuhesabu katika mambo ya Mungu, aketi pia kabla ya kusaini mkataba. Haya ndiyo tunayowaomba mhesabu:

Kwanza, hesabuni saa pamoja na dirhamu. Kabla ya kusaini, nendeni kwenye nyumba hiyo siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, mkafanye safari ya kwenda kazini kweli. Msiende Jumapili mchana barabara ikiwa tupu, kama tulivyofanya sisi.

Pili, hesabuni siku za watoto. Shule ina siku ngapi kwa wiki? Siku wasiyosoma, ni nani yuko nyumbani? Andikeni jina la mtu mzima. Kama mahali pa jina ni wazi, nyumba hiyo bado si yenu.

Tatu, hesabuni deni. Hundi si karatasi ya kuandika kwa imani kwamba Mungu atatenda. Kama mshahara haufiki, maneno mazuri hayataufikisha. Kuna unyenyekevu katika kukaa kwenye nyumba unayoiweza.

Nne, ulizeni wenyeji. Ulizeni taratibu za mji, maana Sharjah ina sheria zake za mavazi na mwenendo, na Dubai ina zake juu ya kugawana nyumba na wasio wa familia. Mgeni mwenye adabu hujifunza desturi kabla ya kuingia. Na msalimieni jirani kwa jina siku ya kwanza. Huenda siku moja akawa ndiye anayekaa mlangoni na mtoto wenu.

Tano, ulizaneni ninyi kwa ninyi. Baba, mama watoto akiwa bado Kampala, usisaini peke yako ili kumshangaza uwanja wa ndege. Mpigie, mwoneshe ramani, msikilize. Yeye ndiye atakayekaa ndani ya nyumba hiyo saa nyingi kuliko wewe.

Sita, tafuteni madhabahu. Abramu, alipohama tena, alipiga hema kwenye mialoni ya Mamre, Hebroni, na akamjengea Bwana madhabahu huko. Ni saa ngapi familia yenu itapiga magoti pamoja? Kama ratiba ya mji huo haiachi hata dakika 10 kwa siku za kusoma Neno na watoto, kodi yake ni ghali, hata iwe nusu ya bei.

Aliyekosea, kuna njia ya kurudi

Labda unayesoma haya umekwisha saini. Hundi ziko kwa mwenye nyumba, watoto wameanza shule, na moyoni unajua mlikosea. Usikate tamaa. Tazama sura ya 13 inavyoanza. Abramu mwenyewe alikuwa ametoka kukosea. Njaa ilimpeleka Misri, na huko hofu ikamfanya aseme kwamba Sarai ni dada yake. Kisha akapanda kutoka Misri, kituo kwa kituo, mpaka mahali pale hema yake ilipokuwa mwanzoni, penye madhabahu, akaliitia jina la Bwana. Alirudi polepole, na Mungu alimpokea. Sisi pia tulirudi polepole, miezi sita, na Mungu alitupokea.

Na sasa neno kwa kanisa zima. Baada ya Lutu kwenda zake, Abramu hakukaa akisema, "Aliyataka mwenyewe." Sura ya 14 inatuambia Lutu alipotekwa pamoja na watu wa Sodoma, Abramu alichukua watu wake 318 akafuata hadi Dani, akamrudisha. Hakumwuliza kwanza kwa nini alichagua vibaya.

Wapendwa, tumekuwa na tabia ya kupangana kwa anwani. Wa Dubai huwaita wa Sharjah "watu wa mbali". Wa Sharjah huwaita wa Dubai "wenye nazo", na kumbe nusu yao wanalala sebuleni. Tuache. Aliyekosekana Jumapili mbili, apigiwe simu ya kujuliwa hali, si ya kukaripiwa. Mwenye hundi inayokaribia na hana kitu, aje kwa wazee kabla haijarudi, si baada. Na mwenye uzoefu wa mtaa fulani, amkalishe chini anayehamia, amwambie ukweli wote, hata ule wa aibu. Ndiyo maana nasi leo tumewaambia wetu.

Lutu alipoondoka, Bwana alimwambia Abramu ainue macho atazame kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Ni kuinua macho kule kule, lakini Lutu aliinua mwenyewe na Abramu aliinuliwa. Tuombe Bwana atuinulie macho kabla hatujashika kalamu.

Tuombe

Baba, Mungu wa Abramu, wewe uliyetembea na watu wanaokaa hemani, tunakuletea familia zinazohama mwezi huu. Uwape akina baba na akina mama kusikilizana. Uwalinde watoto walio peke yao saa hizi nyuma ya milango iliyofungwa, na utuoneshe njia ya kuwafikia. Ubariki Dubai, ubariki Sharjah, wabariki watawala na majirani zetu. Wenye madeni uwafungulie njia ya haki. Waliokosea uwarudishe mahali pa madhabahu. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.